Unga wa mitishamba kwa ini lenye mafuta: jibu kwa mama wa Umoja

SWALI

Mimi ni mama wa miaka 52, ninaishi Umoja, Nairobi, na nina uzito wa kilo 86. Ninaugua kisukari na ninatumia metformini. Mwaka jana daktari aliniongezea atovastatini kwa ajili ya lehemu (kolesteroli). Mwezi uliopita vipimo vya damu vilionyesha vimeng'enya vya ini ALT 71 na AST 48, na chembe sahani (zinazogandisha damu) 240, na ultrasaundi ikaonyesha kwamba ini lina mafuta. Pombe sinywi. Jirani alinipeleka kwa muuzaji wa dawa za asili mjini, nikauziwa mkebe wa unga wa kuchemsha ulioandikwa milk thistle, manjano, pilipili manga, mlonge "na mizizi mingine ya asili". Muuzaji ameniambia niache dawa za hospitali kwa mwezi mmoja ili ini lisafishike kwanza. Je, niutumie?

JIBU

Asante, mama, kwa kuandika tarakimu za vipimo vyako na maneno ya kwenye mkebe kama yalivyo, kwa sababu bila hayo ningekujibu kwa kubahatisha. Jibu langu kwa ufupi ni kwamba mkebe huo usiutumie, na dawa zako usiziache hata kwa siku moja. Kama mkebe ungekuwa na milk thistle peke yake, yenye kipimo kinachojulikana, jibu langu lingekuwa la upole zaidi.

Nianze na agizo la kuacha dawa, kwa kuwa naliona kuwa la hatari kuliko unga wenyewe. Metformini haivunjwivunjwi na ini. Huzunguka mwilini na kutoka kupitia figo ikiwa kama ilivyoingia, hivyo kuiacha hakulipunguzii ini kazi yoyote. Kinyume chake, kisukari kisichodhibitiwa ni miongoni mwa sababu kubwa za mafuta kujaa kwenye ini, kwa kuwa mwili usioitikia insulini vizuri huendelea kupeleka mafuta na sukari ya ziada huko. Ukikaa mwezi mzima bila dawa, utakuwa umelichochea tatizo lile lile unalotaka kulitibu.

Kuhusu atovastatini, najua hofu inatoka wapi. Karatasi iliyomo ndani ya pakiti hutaja ini, na kweli watu wachache hupata ongezeko dogo la vimeng'enya, kama hizo ALT na AST ambazo huvuja kwenye damu ini likisumbuka, wanapoitumia. Hata hivyo, madhara makubwa ya ini kutokana na dawa hiyo ni nadra sana, na ini lenye mafuta si sababu ya kuisimamisha. Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaelezwi ni kwamba watu wenye ini la mafuta hufa zaidi kwa magonjwa ya moyo na mishipa ya damu kuliko kwa ugonjwa wa ini lenyewe, na wewe una kisukari juu yake. Anayekwambia uache dawa hiyo anakuondolea kinga mahali ambapo hatari yako ni kubwa zaidi.

Wala usikubali kwamba huu ni ushindani kati ya dawa za kizungu na dawa za asili. Metformini unayoimeza kila siku ilitokana na utafiti uliofanywa juu ya mmea uitwao Galega officinalis, ambao wakulima wa Ulaya waliutumia kwa karne nyingi. Tofauti ni kwamba kemikali iliyopatikana kwenye mmea huo ilichunguzwa, ikaonekana kuwa kali mno, ikatafutwa jamaa yake iliyo salama zaidi, kisha kipimo chake kikawekwa. Mkebe wako haujapita hatua hata moja kati ya hizo.

Sasa nije kwenye neno "kusafisha". Ini la mtu mzima lina uzito wa takriban kilo moja na nusu, na si chujio linaloshika uchafu hadi mtu alioshe. Kazi yake ni kubadilisha: hupokea damu kutoka utumbo, huzigeuza kemikali zilizomo kwa hatua kadhaa mpaka ziweze kuyeyuka katika maji, kisha huzitoa kwa njia ya nyongo au kuzipeleka kwenye figo. Kila kitu unachokinywa, ukiwamo unga wa kusafisha ini, hupita katika kazi hiyo hiyo. Mara nyingine hatua ya kati ndiyo inayozaa sumu. Parasetamoli ni mfano unaojulikana: kwa kipimo cha kawaida, kisichozidi gramu nne kwa siku kwa mtu mzima mwenye afya, sehemu ndogo yake hugeuzwa kuwa kemikali kali ambayo ini huituliza papo hapo, lakini kipimo kikizidi, akiba ya kuituliza huisha na chembe za ini huanza kufa.

Mimea nayo inaweza kufanya hivyo. Kuna kundi la kemikali ziitwazo pirolizidini alkaloidi, zinazopatikana katika mimea mingi ya porini, ambazo zenyewe hazina ukali mkubwa mpaka ini lizibadilishe. Zikishabadilishwa huharibu mishipa midogo ya damu ndani ya ini na kuiziba, tumbo likajaa maji. Jamaika iliyaona hayo katikati ya karne iliyopita kwa watoto walionyweshwa chai ya majani ya porini, na huko Tigray, Ethiopia, kijiji kimoja kilipata ugonjwa wa ini uliohusishwa na nafaka iliyochanganyika na magugu yenye kemikali hizo. Waliokunywa ile chai ya Jamaika waliiamini kuwa dawa. Ndiyo maana sikubali hoja kwamba kitu cha asili hakiwezi kudhuru.

Tuufungue mkebe sasa. Milk thistle, yaani mmea wa miiba wa Silybum marianum wenye asili ya maeneo ya bahari ya Mediterania, ndiyo dawa ya mitishamba iliyochunguzwa zaidi kuhusu ini, na inastahili kuzungumzwa kwa haki. Mbegu zake hutoa mchanganyiko uitwao silimarini. Sehemu yake kuu, silibinini, hutolewa kwa sindano katika baadhi ya hospitali za Ulaya kwa watu waliokula uyoga wenye sumu wa Amanita phalloides, na hapo ndipo sifa yake nyingi ilipotoka. Lakini sindano ya dharura dhidi ya sumu ya uyoga haiwezi kulinganishwa na chai ya kunywa kila asubuhi kwa ajili ya mafuta ya ini. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012 uliwafuatilia wagonjwa 154 wa homa ya ini aina ya C ambao tiba ya awali ilikuwa imeshindwa kuwaponya, wakipewa silimarini kwa kipimo kikubwa kuliko kinachouzwa madukani, na vimeng'enya vyao havikushuka kuliko vya wale waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Ulio karibu zaidi na hali yako ni utafiti wa Malaysia uliochapishwa mwaka 2017, uliowahusisha watu 99 wenye ini la mafuta lililokwisha kuvimba. Walitumia miligramu 700 za silimarini mara tatu kwa siku, au kidonge kisicho na dawa, kwa wiki 48, na vipande vya ini vikachukuliwa na kupimwa mwanzoni na mwishoni. Lengo kuu la utafiti halikufikiwa: walioboreka walikuwa asilimia 32.7 katika kundi la silimarini na asilimia 26 katika kundi lingine, tofauti ambayo inaweza kutokea kwa bahati tu. Jambo moja lilitia moyo, nalo ni kwamba makovu ya ini yalipungua kwa asilimia 22.4 ya waliotumia silimarini ikilinganishwa na asilimia 6 ya wengine. Matokeo ya pembeni kama hayo hutoa sababu ya kufanya utafiti mkubwa zaidi, lakini hayatoshi kumwambia mgonjwa kwamba dawa imepatikana. Kwa upande wa usalama, silimarini ina rekodi nzuri. Madhara yake ya kawaida ni tumbo kuvurugika kidogo, na wenye mzio wa mimea ya jamii ya alizeti wanapaswa kuiepuka.

Lipo pia jambo dogo la kiufundi ambalo muuzaji hakulijua au hakulisema. Silimarini haiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo ukiuchemsha unga na kuuchuja, sehemu kubwa ya kitu ulichokilipia hubaki kwenye masimbi unayoyatupa. Tafiti nilizozitaja zilitumia dondoo, yaani kiini kilichotolewa kwenye mbegu, iliyokolezwa na kupimwa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi, kati ya vilivyotajwa kwa jina, ni manjano kuwekwa pamoja na pilipili manga. Sisemi habari ya manjano ya kwenye mchuzi wala ya pilau. Hiyo endelea nayo, kwa kuwa kiasi ni kidogo na mwili hufyonza sehemu ndogo sana ya kukumini, kemikali yake kuu. Watengenezaji wa dawa za nyongeza waliliona hilo kama kasoro, wakaongeza piperini ya pilipili manga, ambayo katika utafiti mmoja wa mwaka 1998 iliongeza kukumini inayofika kwenye damu ya watu kwa asilimia 2,000. Kumbe kutofyonzwa kule kulikuwa ulinzi. Mwaka 2019 mamlaka za afya za Italia zilichunguza msururu wa wagonjwa wa homa ya ini waliokuwa wakitumia dawa za nyongeza za manjano, na madaktari wa Marekani nao wameripoti wagonjwa wa namna hiyo, wengine wakiwa na urithi wa kijenetiki unaowafanya wawe dhaifu mbele ya kemikali hiyo. Aidha, piperini inaweza kuzuia vimeng'enya vinavyoshughulikia dawa nyingine mwilini, nawe una dawa ambazo hatupendi kiwango chake kiongezeke bila sisi kujua.

Mlonge sina ugomvi nao. Majani yake ni mboga nzuri, na habari nyingi za kulinda ini zinatokana na panya wa maabara.

Yanabaki yale maneno ya mwisho, "na mizizi mingine ya asili", ambayo kwangu peke yake yanatosha kuurudisha mkebe dukani. Mizizi gani, ya mti gani, imechimbwa wapi, kiasi gani? Dawa ya mitishamba isiyotaja viungo vyake vyote haiwezi kupewa hukumu ya usalama na mtu yeyote, si mimi wala aliyeiuza. Katika utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2004, moja kati ya kila bidhaa tano za tiba ya jadi ya Kihindi zilizonunuliwa katika maduka ya Boston ilikutwa na risasi, zebaki au aseniki. Na mizizi iliyosagwa ikiwa haijakauka vizuri hupata ukungu, jambo ambalo Mkenya hahitaji kuelezwa sana: mwaka 2004 mahindi yenye sumu ya aflatoksini yaliwapata watu 317, hasa katika maeneo ya Ukambani, na 125 kati yao wakafa, kwa ini kushindwa kufanya kazi. Unga usio na tarehe, usio na anwani ya mtengenezaji na uliofungwa kwa mkono unaweza kuwa na ukungu huo huo, tena ndani ya kitu unachokinywa kwa ajili ya ini.

Simaanishi kwamba waganga wa miti shamba wote ni matapeli. Wapo wanaoijua mimea kwa undani, na KEMRI, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, ina kituo kizima cha kuchunguza dawa za jadi. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 nayo inaitambua tiba hiyo. Muuzaji makini hatakasirika ukimwuliza kama bidhaa yake imesajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu. Atakuonyesha namba, nawe utaithibitisha kwa bodi yenyewe. Na mganga anayeijua kazi yake hamwambii mgonjwa wa kisukari aache dawa.

Sasa niyarudie majibu ya vipimo vyako, maana yanasema mengi kuliko ulivyoelezwa. ALT ya 71 ni chini ya mara mbili ya kiwango cha juu ambacho maabara nyingi hukitumia, kwa hiyo ini lina mwasho lakini halijafikia hali ya dharura. Swali la maana zaidi ni kama makovu yameanza, na kwa hilo madaktari hutumia hesabu iitwayo FIB-4: umri huzidishwa kwa AST, kisha jibu hugawanywa kwa chembe sahani zilizozidishwa kwa kipeuo cha pili cha ALT. Kwa tarakimu zako, 52 mara 48 ni 2,496. Kipeuo cha pili cha 71 ni takriban 8.4, ambacho ukikizidisha kwa 240 unapata takriban 2,022. Na 2,496 ikigawanywa kwa 2,022 inatoa takriban 1.2. Chini ya 1.3, kwa mtu wa umri wako, uwezekano wa kuwa na makovu makubwa ni mdogo. Hiyo ni habari njema, lakini uko karibu na mpaka, hivyo mwombe daktari airudie hesabu hiyo kila mwaka, na ikivuka hapo akupeleke kupimwa ugumu wa ini kwa mashine.

Kuna kipimo ambacho sikukiona katika orodha yako, nacho ni cha homa ya ini aina ya B na C. Chanjo ya aina ya B iliingizwa katika chanjo za watoto wachanga nchini mwetu mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo mtu wa umri wako hakuipata utotoni. Ultrasaundi yenye mafuta haiondoi uwezekano wa virusi. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Mwombe daktari kipimo hiki kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu virusi vya B vina dawa na ufuatiliaji wake, na hakuna mzizi unaoviondoa. Mmea wa Phyllanthus uliwahi kuleta matumaini makubwa mwaka 1988, pale watafiti wa India walipochapisha kwamba zaidi ya nusu ya waliotumia walipoteza alama ya virusi katika damu, lakini wengine walipojaribu kurudia matokeo hayo hawakuyapata.

Ikiwa virusi havipo, tiba yenye ushahidi mzuri kuliko zote kwa ini lako ni kupunguza uzito. Kupunguza asilimia 5 huanza kuyaondoa mafuta, na kupunguza asilimia 7 hadi 10 hutuliza uvimbe wa ini. Kwa kilo 86, hiyo ni kati ya kilo 6 na 8.6, kazi ya miezi kadhaa ambayo hupaswi kuifanya kwa kufunga kula ghafla, kwa kuwa kupungua kwa kasi kubwa kunaweza kulichosha ini zaidi. Anza na sukari ya vinywaji: soda, juisi za paketi, na chai ya maziwa yenye vijiko vitatu inayonywewa mara nne kwa siku pamoja na mandazi. Ugali si adui. Kiasi chake ndicho tatizo, kwa hiyo sukuma wiki na maharagwe vichukue nusu ya sahani na ugali upungue. Kutembea kwa kasi dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki, hupunguza mafuta ya ini hata kabla mizani haijaonyesha tofauti, na anayeshuka kwenye matatu vituo viwili kabla ya nyumbani amekwisha kupata sehemu kubwa ya hizo dakika.

Na kama unataka kitu cha kunywa chenye asili ya mmea, kunywa kahawa. Tafiti nyingi zilizowafuatilia watu kwa miaka mingi zimeona kwamba wanaokunywa vikombe viwili au vitatu kwa siku hupata makovu ya ini kwa nadra zaidi kuliko wasiokunywa. Huo si uthibitisho kamili, kwa kuwa tafiti za namna hiyo haziwezi kutenganisha kahawa na mambo mengine ya maisha, lakini ni ushahidi mwingi kuliko ulioko nyuma ya mkebe wako. Ajabu yetu Wakenya ni kwamba tunailima kahawa nzuri, tunaiuza nje, kisha tunabaki na chai. Inywe bila sukari, na kama shinikizo lako la damu liko juu au usingizi ni wa shida, ishia kikombe kimoja cha asubuhi.

Ukiendelea kuitamani milk thistle baada ya hayo yote, sitakukataza, mradi masharti yafuatwe. Iwe vidonge vyenye silimarini peke yake, vilivyosajiliwa na vyenye kipimo kilichoandikwa. Kipimo cha kawaida ni miligramu 140 mara mbili au tatu kwa siku. Daktari wako aarifiwe, kwa kuwa inaweza kushusha sukari kidogo na huenda akataka uipime mara nyingi zaidi. Vimeng'enya vya ini vipimwe kabla ya kuanza na tena baada ya miezi mitatu. Kama havijashuka, au vimepanda, acha na fedha hizo uzitumie kwa mboga. Na wakati wowote ukiona mkojo umekuwa wa kahawia kama chai ya rangi, weupe wa macho umegeuka manjano, ngozi inawasha bila upele, au kichefuchefu na uchovu visivyoelezeka, acha siku hiyo hiyo na uende hospitali, ukiwa umebeba vidonge na pakiti yake.

Kama umeshaanza kuunywa unga wa mkebe, mwambie daktari ni kwa siku ngapi, na uombe ALT irudiwe baada ya wiki nne tangu kuacha, pamoja na bilirubini, ile rangi ya manjano ambayo ini huiondoa kwenye damu. Usiutupe mkebe, uende nao kliniki, kwa sababu ikitokea kuna madhara, daktari au mfamasia ataripoti kwa Bodi ya Dawa na Sumu, na bila bidhaa yenyewe ripoti hiyo huwa dhaifu. Kipimo cha homa ya ini aina ya B kikirudi na virusi, mume na watoto wapimwe pia, na wasio na virusi wala kinga wapate chanjo, ambayo kwa mtu mzima kwa kawaida ni dozi tatu ndani ya miezi sita.